Mita Sita za Boito

Jengo la Hezekiah Kimeli lilikuwa na vyumba ishirini na viwili vya kulala, na wageni wanne. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Jumatatu asubuhi injinia alifika kutoka Nairobi kufunga mita sita za kupima jinsi jengo linavyotumia stima na maji. Baada ya siku kumi na nne mita hizo zingesema kama Hezekiah anafaa kupewa mashine ya stima au hafai, na akifaa, hati ya shamba lao la chai ingelala kwenye kabati la sako, chama cha akiba na mikopo, hadi deni la mashine liishe.

Jengo lilisimama katikati ya soko la Boito. Chini palikuwa na hoteli ya chakula na maduka mawili ya kupangisha, juu ghorofa mbili za lojingi. Hezekiah alilijenga kwa bonasi za chai za miaka kumi na moja na kwa ukaidi. Wageni walikuja mwanzoni. Kisha stima ikaanza kukatika mara tatu, mara nne kwa wiki, na mtu aliyelipa mia nane kulala hakutaka kuoga maji ya baridi ya Boito gizani. Maafisa waliokuja semina waliondoka kabla ya chakula cha mchana. Harusi moja ilihamia kwingine keki ikiwa tayari mezani.

Injinia aliitwa Molly Oyugi, msichana wa miaka ishirini na tisa, viatu vizito, maneno machache. Alifunga mita tatu kwenye nyaya za ghorofa tatu, moja jikoni, mbili kwenye mabomba ya maji. Alipomaliza alikaa mezani na Hezekiah, na Tecla, mkewe, akamimina chai.

"Sasa hii mashine ni kama jenereta?" Tecla aliuliza.

"Hapana, mama. Jenereta inachoma mafuta na inapiga kelele. Hii haichomi. Inaitwa seli ya mafuta. Unaipa gesi, ndani kuna sahani nyembamba zinageuza ile gesi kuwa stima. Joto likitoka halitupwi, linapasha maji kwa tangi. Kitu moja, kazi mbili."

"Na bei?"

"Milioni tano na laki nane. Wafadhili wanalipa nusu. Nyinyi mnabaki na milioni mbili na laki tisa."

Tecla aliweka birika chini.

"Lakini mnisikize vizuri," Molly alisema. "Stima peke yake hailipi, gesi ni ghali. Maji moto ndiyo yanabeba hii mashine. Watu wakioga, mkiosha vyombo, mkifua shuka, mchana kutwa, inalipa. Maji moto yakikaa tu kwa tangi, mnachoma pesa. Na haipendi kuzimwa. Ukiiwasha inakaa imewaka miezi. Ukiizima na kuiwasha kila siku, zile sahani zinapasuka."

"Kama ng'ombe wa gredi," Tecla alisema. "Anakula hata siku hana maziwa."

"Kabisa, mama. Kwa hivyo kabla tulete, tunapima. Mita zitanitumia namba kwa simu kila robo saa. Nyinyi kaeni vile mnakaa siku zote. Msibadilishe kitu."

Hezekiah aliitikia kwa kichwa. Aliacha shule darasa la sita, lakini mtihani aliujua akiuona.

*

Jumatano saa nne basi la shule lilisimama mbele ya jengo, wakashuka watu thelathini na wanane wenye mabegi. Tecla alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Baba Nelvine, hawa ni nani?"

"Ni kwaya ya Longisa. Wanajiandaa kwa mashindano. Watakuwa wakifanya mazoezi hapo kanisani, kwetu ni kulala na kula."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Wanalipa ngapi?"

"Ni watu wa Mungu."

"Nimeuliza ngapi."

"Mama Nelvine, wageni wamesimama kwa baridi."

Kiptum, kiongozi wa kwaya, alikuja akampa Tecla mkono kwa heshima zote. "Mama, tumeambiwa mmejitolea. Mungu awazidishie." Tecla alisema asante. Angesema nini? Alirudi jikoni, akahesabu sufuria, kisha akamtuma mtu dukani kwa gunia la unga.

Jioni, kwaya ikiwa imejaa kila meza, alimpata Hezekiah kando ya kaunta.

"Yule msichana alisema tusibadilishe kitu."

"Sijabadilisha. Nimejaza."

"Hezekiah."

"Sikiliza. Wageni wa hii nyumba wapo. Wanatoroka giza. Tukipata stima ya kwetu watarudi, na watakuwa wengi kuliko hawa. Mimi simdanganyi mtu, namwonyesha vile itakuwa." Akashusha sauti. "Na wewe ulilelewa wapi? Mgeni akija kwenu, mama yako alikuwa anamwonyesha kibuyu kitupu? Hata kama maziwa ya mursik ni ya kuombwa kwa jirani, yalikuwa yanatoka."

Hilo lilikuwa kweli, na Tecla alirudi kwenye sufuria zake. Hezekiah hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeona aibu ya vyumba vitupu kuliko aibu ya deni, na soko la Boito lina watu wengi wa namna hiyo. Kwake yeye mita zilikuwa macho ya mgeni. Zilikuwa zimeingia nyumbani kwake, na nyumba lazima ionekane ina kitu.

*

Watu thelathini na wanane wanakula. Waimbaji wanakula zaidi. Siku ya nne Tecla alienda kwa Nyagaka, mwenye buchari, kuchukua kilo sita za nyama kwa mkopo. Kulikuwa na wateja watano wamesimama.

"Mama Nelvine, si mlijaza nyumba?" Nyagaka alisema, kisu mkononi, kwa sauti ya kusikika. "Mtu wa nyumba imejaa anakopa? Sisi wenye nyumba tupu tufanye nini?"

"Nitakulipa Ijumaa."

"Ijumaa ya mwezi gani? Nitajie jina lake, niliandike."

Wateja walicheka. Akampa kilo nne, na mifupa mingi ndani.

Alirudi kwa njia ya nyuma ili asikutane na watu, na huko nyuma ndiko alikokutana nao. Wanawake saba walikuwa wamepanga beseni chini ya bomba linalotoa maji ya shawa kuyapeleka mtaroni. Maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, safi, bila povu la sabuni, yakitoa mvuke. Mmoja alikuwa akifua blanketi. Mwingine alikuwa amesimamisha mtoto uchi ndani ya beseni, akimsugua.

"Mama Nelvine, ubarikiwe!" alisema mwenye blanketi. "Maji moto saa nne asubuhi, bila kuni! Na kesho mnafungua saa ngapi?"

"Huyu wangu atasema alilala lojingi," alisema mwenye mtoto, wakacheka wote.

Kwaya ilikuwa kanisani tangu saa mbili. Tecla alipanda ngazi na nyama yake mkononi. Kwenye korido ya ghorofa ya pili alimkuta Jerusa, mfanyakazi wao wa vyumba, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu mkononi akiangalia saa. Nyuma ya kila mlango maji yalikuwa yakilia.

"Jerusa, ni nini hii?"

Jerusa alisimama. "Mzee alisema robo saa kila chumba, mama. Halafu nazunguka tena. Alisema yule injinia anataka mchana kutwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kwaya ije." Akaangalia chini. "Chumba namba tisa kimeoga mara tatu leo. Kimekuwa kisafi kuliko mimi."

Tecla hakucheka. Jerusa naye aliona utani umekufa.

"Mama, mimi ni mtu wa kuambiwa. Nikikataa, nitarudi kwetu Ahero na nini?"

Hezekiah alikuwa shambani, kwenye ekari zao mbili na nusu, akiwasimamia wachumaji. Tecla alimfuata huko huko. Chai hiyo waliipanda wawili, mwaka waliooana, yeye akichimba mashimo kwa jembe na Hezekiah akiweka miche. Ilikuwa imemlipia Nelvine, binti yao, karo ya sekondari, na sasa ilikuwa ikimlipia ya chuo.

"Unamwaga maji moto kwa mtaro," alisema.

"Usipige kelele mbele ya watu."

"Unalipia stima ya kuosha mtaro wa Boito!"

"Siku nane zimebaki!" Alimsogelea. "Mama Nelvine, nimefika mahali siwezi kurudi. Ukinivunja saa hii, tumekula hasara bure. Kaa kimya, siku nane tu."

Tecla alikuwa na namba ya Molly kwenye simu. Aliitafuta mara mbili wiki hiyo, akaiangalia, akaiacha. Hakujua mwanamke anaanzaje sentensi ya kumshtaki mumewe kwa mtu wa Nairobi. Badala yake, Ijumaa walimuuza mtamba wao mwenye mimba, ambaye alikuwa na bei ya elfu themanini. Mnunuzi aliona haraka yao usoni akatoa hamsini na mbili. Nyagaka alilipwa siku hiyo hiyo, mbele ya wateja.

*

Ripoti ilikuwa kurasa thelathini na moja, na ukurasa wa kwanza ulisema jengo linafaa.

Walikutana kwenye ofisi ya sako mjini Bomet, Jumanne saa tano: Hezekiah kwa koti lake la harusi za watu, Tecla, Molly na ripoti yake, na Omosa, afisa wa mikopo, mtu mnene wa miwani aliyekuwa akila njugu kutoka kwenye droo. Bwana wa kupima thamani ya shamba alikuwa amekwishakuja na kwenda, na kulipwa.

"Nimefurahi sana," Molly alisema. "Nimepima majengo tisa huku magharibi, mengi hayafai. Maji moto wanatumia asubuhi tu, halafu mchana hakuna kitu. Lakini nyinyi mko juu kutoka asubuhi mpaka jioni. Mashine itawaokolea elfu mbili na mia moja kila siku."

"Elfu sitini na tatu kwa mwezi," Omosa alisema. "Na sisi tutawakata hamsini na nane. Inaenea. Mzee, weka sahihi hapa, na hapa. Mama ataweka hapa. Shamba ni la nyumba, sheria inataka mke akubali kwa mkono wake."

Hezekiah aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, akamsogezea Tecla kalamu. Tecla hakuichukua.

"Injinia, uko na kalkuleta?"

"Niko nayo, mama."

"Nipigie hesabu moja. Weka wageni wanne."

Hezekiah alicheka. "Wanne! Huyu anapenda kuogopa. Hata kuku akitaga mayai mawili anauliza la tatu liko wapi."

"Ni sawa, mzee, wateja huuliza," Molly alisema. Akabonyeza. "Gesi ni elfu tatu na mia nane kwa siku, hiyo haipungui kwa sababu mashine haizimwi. Stima ambayo wageni wanne na jiko wangetumia, tuseme elfu moja na mia tatu. Maji moto, mia tatu. Kwa hivyo ni hasara ya elfu mbili na mia mbili kila siku."

"Kwa mwezi ni sitini na sita," Omosa alisema. Aliacha njugu. "Weka hamsini na nane yetu juu. Laki moja na ishirini na nne elfu kila mwezi. Mama, kwa namba hiyo mwaka hauishi kabla tuuze shamba."

"Lakini hiyo ni kuwaza tu," Molly alisema. "Mama, kwa nini umechagua wanne?"

Tecla alimgeukia mumewe. Alimpa nafasi. Nje lori lilipita, kisha pikipiki, kisha lori jingine, na bado alikuwa akimwangalia. Hezekiah alikuwa akiangalia sahihi yake mwenyewe kwenye karatasi.

"Anauliza tu," Hezekiah alisema.

"Siulizi tu." Akamgeukia Molly. "Injinia, tunao wanne. Wikendi wakizidi ni sita. Ile ilikuwa kwaya, tuliilisha bure. Na mchana wakienda kuimba tulikuwa tunafungua shawa kwa vyumba vitupu."

Omosa alifunga droo yake, taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

"Mzee," Molly alisema, "niliwaambia msibadilishe kitu."

"Injinia, ulikuja kwangu ukiwa mgeni. Ulitaka nikuonyeshe vyumba vitupu?"

"Ndiyo. Hivyo ndivyo nilikuja kuona."

Hilo Hezekiah hakuwahi kulifikiria. Kwamba mtu anaweza kusafiri kutoka Nairobi, aache chai ipoe, apande ngazi, kwa sababu anataka kuuona utupu na kuuandika, na asicheke.

"Vitupu vingenisaidia," Molly aliendelea. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa hasira alianza kukusanya karatasi. "Ningewaambia muweke paneli za jua za kupasha maji na betri ya taa. Laki tatu, nne, basi. Hii ndiyo ripoti yangu ya kwanza kuandika peke yangu, mzee. Nimeshawaambia wakubwa wangu nimepata jengo."

"Na ile mashine?" Omosa aliuliza.

"Itaenda Kipkelion. Kuna wafugaji wana kituo cha maziwa. Wanaosha mikebe kwa maji moto tangu alfajiri. Walikuwa wa pili kwenye orodha."

Hezekiah alisimama. Alimwangalia mkewe kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyewahi kumjua.

"Umenivua nguo mbele ya watoto hawa," alisema kwa Kipsigis, ili wengine wasielewe. Walielewa. Akatoka. Tecla aliirudisha kalamu kwa Omosa, akaomba hati ya shamba, akaikunja ndani ya leso na kuiweka kifuani, kisha akaenda kutafuta gari la kurudi Boito peke yake.

*

Siku kumi na tisa hawakusemeshana. Hezekiah alihamishia blanketi lake chumba namba kumi na nne cha lojingi, akawa anashuka kula wakati Tecla hayuko jikoni. Habari ilifika sokoni kabla ya Hezekiah. Wanawake wa beseni waliuliza kama maji moto yameisha. Vijana wa bodaboda walimpigia saluti, "Mzee wa kwaya!" Kanisani, Kiptum wa Longisa alituma barua ya shukrani ikasomwa mbele ya watu wote, na kila baraka iliyotajwa ilimpiga Hezekiah kama kofi. Wiki iliyofuata aliacha kiti cha mweka hazina wa kanisa kabla hajaombwa akiache. Jerusa alifanya kazi yake kimya, akipita mbali na wote wawili.

Stima ilikatika mara saba katika siku hizo. Wageni wanne walizoea. Mmoja alihama.

Siku ya ishirini, baada ya chakula cha mchana, Tecla alikuwa kwenye meza ya pembeni na daftari. Hezekiah alishuka ngazi, akasimama, akavuta kiti. Hakumwangalia.

"Ilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Yote. Isome."

Tecla alirudisha kurasa nyuma. Alisoma kwa sauti ileile anayosomea orodha ya sukari na unga.

"Ada ya upimaji, sehemu yetu, elfu sitini. Chakula cha kwaya, sabini na nne elfu na mia tatu. Stima iliyozidi, arobaini na moja elfu na mia nane. Maji, elfu sita na mia tano. Kupima thamani ya shamba, kumi na tano. Mtamba, tulichopoteza kwa bei, ishirini na nane."

"Jumla?"

"Laki mbili, elfu ishirini na tano na mia sita."

Hezekiah alikaa akikuna meza kwa ukucha. Mteja aliingia, akaona nyuso zao, akatoka.

"Ongeza mia tano," alisema.

"Za nini?"

"Za Jerusa. Nilimwahidi hamsini kila siku, afungue maji na asikwambie. Sijamlipa."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

Tecla aliandika. Alijumlisha upya kutoka juu, kidole kikishuka na namba, naye Hezekiah akifuata kile kidole kwa macho hadi mwisho wa ukurasa.

"Laki mbili, elfu ishirini na sita na mia moja," alisema.